Tusiogope Kumsifu Mgema



Miaka mingi iliyopita nilisimamia zahanati moja ndogo, ambayo sina haja ya kuitaja. Palikuwa na mama mmoja aliyefagia, kuchota maji na kufua mashuka ya chumba cha kujifungulia. Siku moja asubuhi alikuja kuniaga. Nilidhani shida yake ni mshahara. Akasema mshahara ni mdogo kweli, lakini aliujua tangu siku ya kwanza. Kisha akasema, "Wewe unaniita siku maji yakikosekana. Siku yakiwepo hunijui."

Nilikasirika. Nilimwona hana adabu. Akaenda zake kulima maharage.

Juma lililofuata ndipo nilipomfahamu. Mzazi alijifungua usiku wa manane, na kulipokucha ndoo zote zilikuwa tupu, mashuka yenye damu yamelundikana, mkunga amesimama hana maji ya kunawa. Kumbe mama yule alikuwa akiwahi kisimani kabla ya jogoo kuwika. Hakuna aliyemwagiza, wala hatukuandika popote kwamba ndiyo kazi yake. Tuliishi kwa jasho lake bila kujua, na mimi niliyepaswa kujua nilikuwa wa mwisho.

Naandika haya katika ukurasa wa afya kwa sababu naamini kushukuru mfanyakazi ni jambo la afya: afya yake yeye, na afya ya wote wanaomtegemea.

Wakuu wengi wa kazi, nikiwamo mimi wakati ule, hujificha nyuma ya methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wanaogopa kwamba mtu akisifiwa atavimba kichwa, ataomba nyongeza, ataanza kuchelewa. Lakini tuitazame vizuri methali hiyo. Inamwonya mgema asijivune. Haimwamuru mnywaji anywe tembo tamu kila siku akae kimya. Na wazee hao hao walisema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mbona hiyo hatuikumbuki ofisini?

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1996 Johannes Siegrist wa Ujerumani alieleza kwamba mtu anayetumia nguvu nyingi kazini huku anachopata ni haba yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo. Katika "anachopata" hakuhesabu fedha peke yake. Alihesabu fedha, heshima, na usalama wa kazi pamoja na nafasi ya kupanda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchakaa kwa sababu ya kazi kwa dalili tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kuikimbia kazi, na utendaji wake kushuka. Shirika lilisema kwamba huu si ugonjwa wenyewe, bali ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Na mwaka 2022 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilikadiria kwamba kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi zipatazo bilioni 12 kwa ajili ya sonona na wasiwasi.

Sasa tuyalete haya nyumbani, huku kwetu Kakonko, Kibondo na Kasulu. Muuguzi aliyechakaa moyo hupayuka. Mama mjamzito aliyepayukiwa mara moja huogopa kurudi. Uchungu ukimshika hubaki nyumbani akisubiri, na akianza kutokwa na damu nyingi, hapo kila saa ina thamani ya uhai wake. Simtetei muuguzi mwenye matusi. Mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa hata siku muuguzi amechoka. Nasema tu kwamba tukitaka huduma ya upole, tusiwaache wanaoitoa wakauke.

Hata hivyo lazima niseme mambo mawili, ili nisieleweke vibaya.

La kwanza: asante haichukui nafasi ya ujira. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Sisi tunaoishi jirani na Burundi tunajua wageni hao ni akina nani. Ndio wanaotulimia mihogo na mahindi, na wapo kati yetu wanaowazungusha hadi wakate tamaa, wakijua kwamba mgeni hana pa kushitaki. Kumwambia mtu huyo "umelima vizuri" huku fedha yake umeikalia ni kumdhihaki. Ndivyo ilivyo pia kwa msichana wa kazi za nyumbani, ambaye mara nyingi tunasema ni "kama mtoto wetu" hasa mwisho wa mwezi unapofika.

La pili: asante isigeuke rushwa. Bahasha inayotangulia huduma si shukrani, hata ukiiita chai. Inamfundisha mhudumu kumtazama mfuko mgonjwa anayefuata, na yule asiye na kitu anabaki kwenye benchi. Shukrani ya kweli huja baada ya kazi, mbele za watu, na haimdai mtu chochote.

Basi tufanyeje? Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fungu la fedha.

Kwanza, mwite mfanyakazi kwa jina lake. Mlinzi wa usiku, mpishi, dereva wa gari la wagonjwa na mfagiaji wote wana majina ya ubatizo au waliyopewa na wazazi wao.

Pili, taja kazi yenyewe. "Hongera kwa kazi nzuri" ni maneno mepesi, yanaweza kusemwa hata na asiyeona. Sema hivi: "Jana usiku ulikaa na yule mtoto mwenye degedege hadi homa ikashuka, nimeona." Sifa ya namna hiyo haimfanyi mgema atie maji, kwa sababu anajua tembo lake limeonjwa kweli.

Tatu, tusingoje Mei Mosi. Cheti cha mfanyakazi bora ni kitu kizuri, lakini hupewa mmoja, na mara chache huwa mfagiaji. Kuna wahudumu wa afya vijijini ambao kwa miaka mingi walipita nyumba kwa nyumba kwa kujitolea tu, wakihimiza kliniki na vyandarua. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka 5. Ni hatua njema. Lakini je, wale waliotangulia, waliochakaza viatu vyao kwa ajili yetu, nani ameenda kuwaambia asante?

Lugha zetu zenyewe zinatufundisha. "Asante" ya Kiswahili ilitoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni umefanya vizuri. Jirani zetu Warundi husema "murakoze", na ndani yake mna neno la kufanya kazi, ambalo hata sisi Waha tunalo. Babu zetu hawakutenga kazi na shukrani. Walipoitana kulima, mwenye shamba hakuwaacha watu waondoke bila chakula na kinywaji.

Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wakoma kumi walitakaswa na mmoja tu akarudi kushukuru, naye alikuwa mgeni. Bwana aliuliza wako wapi wale tisa. Hawakunyang'anywa uponyaji wao, lakini aliuliza. Mimi nilikuwa mmoja wa wale tisa. Miaka kadhaa baadaye nilimtafuta mama yule, nikamkuta shambani. Nilimwomba radhi na kumshukuru kwa maji yale. Alicheka, akaniuliza kama siku hizi ninaamka mapema.

Kwa mazungumzo katika Jumuiya Ndogondogo: Ni nani anayetufanyia kazi kila siku na hatujui jina lake? Je, kuna kibarua ambaye familia yetu bado inamdai shukrani ilhali yeye anatudai ujira? Juma hili tutaanza na nani?