Farisayo, mtoza ushuru na kura ya Marekani



Injili ya Dominika ya 30 ya Mwaka C ni ile ya Luka 18:9-14. Watu wawili wanapanda hekaluni kusali, mmoja Farisayo, mwingine mtoza ushuru. Masomo haya hurudi kila baada ya miaka mitatu, wala hayakupangwa kwa ajili ya siasa za nchi yoyote. Lakini mwaka 2016 yaliangukia juma ambalo Hillary Clinton na Donald Trump walikutana Las Vegas katika mdahalo wao wa tatu na wa mwisho, Jumatano usiku kwa saa za kwao. Kesho yake waliketi meza moja jijini New York, kwenye karamu ya hisani ya Al Smith, Kardinali Timothy Dolan akiwa katikati yao. Dominika hiyo zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku mbili. Jumanne tarehe 8 Novemba 2016 Wamarekani walipiga kura.

Waamini waliniuliza baada ya Misa: "Padri, ungekuwa kule ungempa nani?" Baadhi waliuliza kwa utani, kama tunavyoulizana habari za Simba na Yanga. Wengine walikuwa na mtoto au ndugu anayeishi Texas au Minnesota, na kwao haikuwa utani. Tena walikuwapo wazungumzaji wa Kiswahili waliokuwa wamefika huko karibuni tu. Katika mwaka wa fedha wa Marekani ulioisha Septemba 30, 2016, wakimbizi kutoka Kongo walikuwa wengi kuliko wa taifa lingine lolote waliopokelewa nchini humo, zaidi ya 16,000, na baadhi yao walitokea kambi ya Nyarugusu, hapa kwetu Kigoma. Si wachache kati yao waliopokelewa na mashirika ya Kanisa Katoliki. Walikuwa hawajapata haki ya kupiga kura, lakini walikuwa na wazazi na wadogo zao ambao bado walikuwa kambini wakisubiri kuitwa.

Shida ya Wakatoliki wa Marekani mwaka huo ilieleweka. Kura za maoni zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa na maoni mabaya juu ya Clinton, na zaidi ya nusu walikuwa na maoni mabaya juu ya Trump. Mamilioni walikwenda kupiga kura shingo upande. Wakatoliki ni takriban mtu mmoja katika kila Wamarekani watano, na wamejaa katika majimbo kama Pennsylvania na Ohio ambako ushindi ulikuwa ukiamuliwa. Hawakuweza kujifanya kura yao ni tone baharini.

Nilipofuatilia hotuba na midahalo, niliona kampeni hiyo imekuwa sala moja ndefu ya Farisayo. Tukumbuke kwamba Farisayo yule hakusema uongo. Alifunga kweli mara mbili kwa juma, na zaka alitoa kweli. Kosa lake lilikuwa kwenye kipimo. Alijipima kwa mtu aliyesimama nyuma yake, akamshukuru Mungu kwamba hafanani naye. Mgombea wa mwaka huo naye hakujisumbua sana kusema "mimi ni mwema". Alisema, "Mtazame mwenzangu."

Oktoba 7 ilitolewa video ya mwaka 2005 ambamo Trump anasikika akijigamba jinsi anavyowashika wanawake bila ridhaa yao. Aliomba radhi, akakiri kwamba alikosea. Lakini katika tamko lake la kwanza aliongeza kwamba Bill Clinton alimwambia maneno mabaya zaidi kwenye uwanja wa gofu, na siku mbili baadaye akawaleta St. Louis, kwenye mdahalo wa pili, wanawake wanaomtuhumu Bill Clinton. Clinton naye alipoulizwa kuhusu barua pepe za kazi alizozitumia kwa mtambo wake binafsi alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ilimchukua miezi, kuanzia Machi hadi Septemba 2015, kutamka neno la kuomba radhi. Julai 2016 mkurugenzi wa FBI alishauri asishtakiwe, ila akasema kulikuwa na uzembe mkubwa mno. Na Septemba 9, mbele ya wachangiaji wake, Clinton aliwaweka nusu ya wafuasi wa Trump katika kapu la watu wa hovyo. Kesho yake alijutia neno "nusu".

Sisi tunaoketi kwenye kiti cha maungamo tunaijua lugha hii. "Padri, nimemtukana mke wangu, lakini yeye ndiye aliyeanza." Hapo padri husubiri kidogo, aone kama sentensi itaanza upya bila "lakini".

Julai 2015, kwenye mkutano wa Wakristo mjini Ames, Iowa, Trump aliulizwa kama amewahi kumwomba Mungu msamaha. Alijibu kwamba hana uhakika; akikosea hujitahidi kurekebisha, bila kumwingiza Mungu katika jambo hilo. Jibu hilo linanihuzunisha kama padri, lakini lina uzito hata kwa mtu asiyesali. Rais atakutana na mambo ambayo hayamo kwenye ilani yoyote. Atafanya makosa, na makosa yake yataua watu au yataacha watu hai. Asiyeweza kusema "nimekosa" juu ya jambo dogo, atawezaje kurudisha nyuma vita aliyoianzisha vibaya? Swali hilo linamhusu Clinton pia. Mwaka 2002 aliipigia kura idhini ya vita vya Iraki, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hajaandika waziwazi kwamba alikosea.

Hata hivyo tusiupindishe mfano wa Injili. Yesu anasema mtoza ushuru alirudi nyumbani amehesabiwa haki. Hasemi kwamba mtoza ushuru yule akabidhiwe hazina ya kijiji. Alikuwa mtu wa kuwakamua wenzake kwa niaba ya Warumi, na majirani zake walikuwa na sababu ya kutompenda. Mungu anamhesabia mtu haki kwa kuuona moyo. Mpiga kura hauoni moyo. Anampa mtu kazi ya miaka 4. Ndiyo maana sipendi kusikia Mkristo akisema kwamba kumpigia fulani ni kutangaza kuwa fulani ni mtu wa Mungu, wala sipendi kusikia kwamba fulani hafai kitu kwa kuwa ni mdhambi. Wote wawili ni wadhambi, na waliowachagua pia.

Methali yetu inasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wengi wanadhani mafundisho ya Kanisa yanasema hivyo hivyo. Si sawasawa. Kanisa halimruhusu mtu kuitaka shari, hata nusu yake. Linaloruhusu ni kufanya tendo jema, au tendo lisilo baya kwa lenyewe, ili kuipunguza shari ambayo hatuwezi kuiondoa yote. Mwaka 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya Injili ya Uhai, alifundisha kwamba mbunge anayejulikana wazi kupinga utoaji mimba anaweza kuunga mkono sheria yenye kupunguza madhara, pale isipowezekana kuifuta kabisa sheria mbaya iliyopo. Mwaka 2004, wakati John Kerry, Mkatoliki anayetetea haki ya kutoa mimba, anagombea urais, Kardinali Joseph Ratzinger aliwaeleza maaskofu wa Marekani hivi: anayempigia kura mgombea wa namna hiyo kwa sababu ya msimamo huo wenyewe, anashiriki uovu. Asiyekubaliana na msimamo huo, bali anampigia kwa sababu nyingine, anashiriki kwa mbali tu, na hilo laweza kuruhusiwa kukiwa na sababu yenye uzito unaolingana.

Maaskofu wa Marekani, katika mwongozo waliouhuisha mwaka 2015, wanafuata njia hiyo hiyo. Wanaongeza kwamba pale wagombea wote wanapounga mkono tendo lililo ovu kwa lenyewe, mwamini anaweza kuchukua hatua isiyo ya kawaida ya kutompigia yeyote, au kumpigia yule ambaye, baada ya kupima vizuri, anaonekana ataeneza uovu kwa kiasi kidogo zaidi na kuleta mema mengine.

Basi tupime. Chama cha Clinton, katika ilani yake ya Julai 2016, kilitaka kuondolewa kwa kifungu kinachojulikana kwa jina la Hyde, ambacho tangu 1976 kinazuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba, isipokuwa katika hali chache. Naye aliunga mkono. Kiti cha Jaji Scalia, aliyefariki Februari 2016, kilikuwa wazi Mahakama ya Juu, na mshindi ndiye angemteua mrithi. Trump aliahidi Jumatano ya mdahalo wa tatu kwamba angeteua majaji wanaotetea uhai. Mwaka 1999 huyo huyo alisema kwenye televisheni kwamba anaunga mkono kabisa uhuru wa kutoa mimba. Mtu anaweza kuongoka, sibishi, ila mwenye busara hupima ahadi pamoja na mwenye kuitoa. Na Trump huyo alitaka kuwafukuza mamilioni ya wahamiaji wasio na hati. Desemba 2015 aliwahi kutaka Waislamu wote wazuiwe kuingia nchini. Alisema waziwazi kwamba angerudisha mateso kwa watuhumiwa wa ugaidi. Jumatano hiyo hiyo alikataa kusema kama atayakubali matokeo. Mateso nayo yako kwenye orodha ya matendo maovu kwa yenyewe, orodha ile ile yenye utoaji mimba. Hilo husahaulika upesi.

Simlaumu Mkatoliki wa Ohio aliyempigia Trump kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, wala wa Pennsylvania aliyempigia Clinton kwa sababu aliona hatari kubwa kumkabidhi jeshi na mahakama mtu asiyejizuia. Lakini neno lile la Ratzinger, "asiyekubaliana", ni zito kuliko linavyosomwa. Linamdai mtu kitu baada ya kura. Nitajuaje kwamba sikubaliani na ubaya wa mgombea wangu, kama baada ya kura nitaunyamazia, au mbaya zaidi nitaanza kuutetea kwa sababu ni wa upande wangu? Aliyempigia Trump ana deni kwa familia ya mhamiaji inayogongewa mlango alfajiri. Aliyempigia Clinton ana deni kwa mtoto asiyezaliwa na kwa mama yake aliyeachwa bila msaada. Deni hilo hulipwa kwa barua kwa mbunge, kwa mfuko wa parokia, kwa kusema hapana mbele ya marafiki wa chama chako mwenyewe. Walikuwapo mapadri kule waliowaambia waamini kwamba kura kwa upande mmoja tayari ni dhambi ya mauti. Walizungumzia kura tu, wala hawakugusa kamwe habari za deni.

Na anayekaa nyumbani? Maaskofu wanamruhusu, na pengine dhamiri yake inamwamuru. Ningemwomba tu ajichunguze kama ametoka hekaluni akijipiga kifua au akishukuru kwamba yeye hakujichafua kama wale wengine. Walikuwapo pia waliotaka kuandika jina la mgombea wa chama kidogo, kama Mike Maturen wa American Solidarity Party, ambaye ni Mkatoliki. Hangeshinda, alijua mwenyewe. Bado hiyo ilikuwa kura halali, na iliweza kukifundisha chama kikubwa kwamba kuna watu kinaowakosa.

Papa Fransisko aliulizwa jambo hili Oktoba 2, 2016, ndani ya ndege akirudi kutoka Azerbaijani. Alikataa kutaja jina. Alisema watu wazisome vizuri sera, wasali, kisha wachague kwa dhamiri. Aliongeza kwamba nchi ikifika mahali ambapo wagombea wake hawawaridhishi wote, huenda siasa imekuwa nyingi lakini utamaduni wa siasa umepungua. Yaani watu wana vyama, lakini hawajui kwa nini.

Jambo la mwisho ambalo magazeti yetu hayakuliandika sana. Karatasi ya kura ya Mmarekani ni ndefu. Chini ya majina hayo mawili kulikuwa na maseneta, wabunge, majaji wa mitaa, na katika majimbo mengine maswali ambayo mwananchi hujibu mwenyewe ndiyo au hapana. Colorado waliulizwa kama daktari aruhusiwe kumpa mgonjwa mahututi dawa ya kujiua. Maaskofu wa huko walisema hapana. California waliulizwa kama adhabu ya kifo ifutwe, na Nebraska waliulizwa kama irudishwe. Huko Nebraska bunge la jimbo liliifuta mwaka 2015, gavana wa wakati huo, ambaye ni Mkatoliki, akatumia kura ya turufu, wabunge wakaishinda kura yake, ndipo zikakusanywa sahihi za kulirudisha suala kwa wananchi. Maaskofu watatu wa jimbo hilo waliwaomba waamini wao wasiirudishe. Mkatoliki wa Omaha aliyeumwa kichwa kwa majina mawili ya juu, swali hilo aliliweza, na hakukuwa na mgombea yeyote aliyesimama katikati.