Mbona Kikoi cha Mgeni Hakimshangazi Mtu?

Siku moja ya kazi, isiyokuwa Ijumaa wala sikukuu, nilitoka Msambweni kuelekea mjini Kwale nikiwa nimefunga kikoi cheupe chenye mistari ya samawati pembeni. Juu yake nilivaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na miguuni viatu vya ngozi. Nilikuwa na shughuli katika ofisi moja ya umma. Sikukusudia kumfunza mtu wala kumchokoza. Jua lilikuwa kali, nami nilivaa kama alivyovaa marehemu babu yangu siku zote za maisha yake.

Safari hiyo fupi ilinipa mengi ya kutafakari. Stendini, kondakta alinitazama kuanzia kiunoni hadi nyayoni, akaniuliza kama nimetoka kuogelea. Tulipobadili gari Ukunda, vijana wawili wa shule waliambiana, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba mzee yule ametoka jandoni, ila amechelewa kidogo. Ndani ya matatu, mama mmoja wa makamo aliniinamia akanipa pole. "Usione haya, ndugu yangu," alininong'oneza, "siku hizi mshipa hupasuliwa na mtu akapona." Nilimshukuru. Nilipofika ofisini, bawabu alinizuia mlangoni, tena kwa adabu: "Mzee, samahani, humu hatuingizi watu wenye nguo za nyumbani."

Nguo za nyumbani! Sasa nyumbani kwa kikoi ni wapi kama si Kwale?

Naona haya kukiri kwamba sikubishana. Nilirudi siku ya pili nikiwa na suruali, nikahudumiwa upesi. Lakini maneno ya wale watu watano hayakunitoka akilini. Hakuna hata mmoja aliyenitukana. Kila mmoja alikuwa akitafuta sababu. Mwanamume mzima mwenye kikoi barabarani lazima awe ametoka baharini, au jandoni, au ni mgonjwa wa busha, au ametoka kitandani akasahau kubadili nguo. Jambo ambalo halikumpitikia yeyote ni kwamba huenda nimevaa tu.

Katika taaluma ya isimu tunafundisha kwamba katika lugha kuna maumbo ya kawaida, ambayo hayamshtui msikilizaji, na maumbo ya pekee, ambayo humfanya aulize msemaji ana maana gani. Mavazi nayo yana sarufi yake. Kwa wazee wetu wa Kidigo, kikoi na shuka vilikuwa umbo la kawaida. Leo umbo la kawaida ni suruali, na kikoi ndicho kinachodaiwa maelezo. Aidha, tukumbuke kwamba majina yenyewe, suruali na shati, ni ya kukopa, la kwanza likiwa na asili ya Kiarabu na la pili ya Kiingereza. Kukopa si dhambi, na Kiswahili kimenawiri kwa kukopa. Ila aliyekopa jembe la jirani hana haja ya kulicheka la baba yake.

Naomba msomaji asilione jambo hili kuwa la mzaha. Pwani yetu imesumbuliwa kwa muda mrefu na matende na mabusha, maradhi yanayotokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Mwenye busha hawezi kuvaa suruali kwa raha, kwa hivyo kikoi humsitiri. Wenye afya walipoviacha vikoi vyao, waliobaki navyo barabarani kila siku wakawa wagonjwa na wakongwe, na nguo iliyokuwa ya watu wote ikageuka tangazo la ugonjwa. Hapo mgonjwa hubebeshwa mzigo wa pili. Asiyetaka kunong'onezewa njiani hukaa nyumbani, na anayekaa nyumbani huchelewa kumwona daktari. Kama sisi wazima tungevaa kikoi mara kwa mara, hakuna ambaye angeweza kumtambua mgonjwa kwa nguo yake.

Sasa tuteremke Diani. Huko mgeni kutoka Ulaya hujifunga kikoi kiunoni, mara nyingi bila hata shati, akaingia mkahawani na dukani, na hakuna anayemuuliza kama ametoka jandoni. Huambiwa amependeza. Tena tupite hapo karibu, Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni, awe na suruali ya thamani namna gani, haingii msituni mpaka ajifunge kitambaa cheusi kiunoni. Kwa mujibu wa sheria ya kaya, kujifunga nguo ndiko kuonyesha heshima. Basi katika kaunti moja, mlango wa msitu humtaka mtu ajifunge nguo ili aonekane mstaarabu, na mlango wa ofisi humfukuza kwa nguo hiyohiyo.

Bawabu yule simlaumu. Amefuata mfano wa wakubwa wake. Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, akasisitiza koti, tai na suruali ndefu kwa wanaume. Ikiwa suti iliyobeba jina la rais wa kwanza wa Zambia haikubaliki, kikoi kitapita wapi? Na hayo yanatendeka chini ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Yamkini kuna atakayesema kwamba mwanamume wa kisasa hawezi kutembea na nguo iliyo kama sketi. Huyo namwelekeza kwa Waskoti. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuwakataza watu wa nyanda za juu za Uskoti mavazi yao, ikiwamo kilt, ile nguo ya mirabaraba inayozungushwa kiunoni. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, yeye mwenyewe aliivaa. Leo Mskoti huivaa kwenye harusi na katika hafla za kitaifa. Huenda mgeni wa mbali akamcheka, lakini kwao haambiwi kwamba ni nguo ya nyumbani. Hakuirudishia heshima kwa kuifungia kabatini.

Kuna hoja nyingine yenye uzito. Huambiwa kwamba sare huwasawazisha watoto wa tajiri na wa maskini, na kwamba kila kazi ina vazi lake. Nakubali. Fundi wa mitambo asifunge kikoi karibu na mashine inayozunguka, na sare ya shule ibaki. Hata hivyo, hoja hiyo haimhusu raia anayekwenda kuomba cheti. Na kama suala ni stara, kikoi kilichofungwa vizuri hushuka hadi chini ya magoti, wala hakibani mwili.

Neno langu la mwisho ni kwenu, walimu na wanafunzi. Kila mwaka, tamasha za muziki zikifika, wasichana wa shule zetu huvalishwa hando na wavulana vikoi, wakacheza sengenya, wakapigiwa makofi. Ngoma ikiisha, nguo hukunjwa. Juma linalofuata, wasichana haohao hukutana njiani Kinango na bibi kizee wa Kiduruma aliyevaa hando lake, wakachekana kichinichini. Tumewafundisha kwamba utamaduni ni kitu cha jukwaani. Mwalimu mwenzangu, wape wanafunzi wako kazi: waende kwa babu na bibi zao, waulize majina ya nguo, namna za kuzifunga, na vitenzi vyake. Kisha siku moja, bila tamasha wala mgeni rasmi, ingia darasani na kikoi chako na shati safi, ufundishe hesabu kama kawaida. Watacheka siku ya kwanza. Siku ya tano watakuwa wanasikiliza hesabu.

Neno kilt lenyewe lilianza kama kitenzi, likiwa na maana ya kupandisha nguo na kuifunga kiunoni. Kiswahili nacho kina kitenzi cha maana hiyo: kupania. Wazee walipania nguo zao kabla ya kuingia kazini, na ndiyo maana hadi leo tunasema mtu amepania jambo. Mimi nimepania kurudi katika ofisi ile, nikiwa na kikoi kilekile. Safari hii, nikizuiwa, nitaomba nionyeshwe sheria inayonikataza.