Kabla ya Apu, Leta Daftari



Juzi kijana mmoja wa hapa Eldoret aliniandikia. Babake ana duka la jumla pale Oloo Street, sukari, unga, mafuta, sabuni, tangu kabla yeye hajazaliwa. Sasa amemaliza chuo, amesomea mambo ya kompyuta, na anataka kulifanya duka liwe la kisasa. Apu, wateja waagize kwa simu, na siku moja Mungu akijalia, apate hao wawekezaji wakubwa wanaonunua hisa. Akaniuliza aanzie wapi. Nikamuuliza swali moja tu: mwezi uliopita duka lilipata faida ya shilingi ngapi?

Akasema, "Mzee ndiye anajua."

Akaenda kumuuliza mzee. Mzee akamjibu, "Alhamdulillah, tunakula."

Sicheki. Jibu hilo limelea familia nyingi za mji huu na kusomesha watoto mpaka chuo kikuu. Lakini ni jibu ambalo huwezi kumuuzia mtu hisa juu yake, wala huwezi kulijengea apu.

Kwanza tuelewane hao wawekezaji ni nani. Kuna mifuko inayokusanya pesa kutoka kwa pensheni, matajiri na benki za maendeleo za Ulaya, halafu inanunua sehemu ya kampuni ambazo haziuzwi kwenye soko la hisa la Nairobi. Haikopeshi kama benki. Inaingia kama mshirika. Inakaa miaka minne, mitano, wakati mwingine saba. Inaleta mameneja, inaweka mfumo wa kompyuta, inafungua matawi, kisha inauza sehemu yake kwa bei ya juu na kuondoka.

Usidhani ni mambo ya Nairobi na Dubai tu. Ukiingia Naivas hapa mjini kununua maziwa, umo ndani ya hadithi hiyo. Naivas ilisajiliwa mwaka 1990 ikiitwa Rongai Self Service Stores, duka la familia ya marehemu Peter Mukuha. Mzee alifariki 2010, na baada yake mmoja wa watoto akaenda mahakamani kudai fungu lake. Mpango wa kuiuzia Massmart ya Afrika Kusini ukakwama hapo. Ilibidi mambo yanyooke kwanza. Mwaka 2020 ndipo kundi lililoongozwa na Amethis ya Ufaransa, pamoja na IFC na DEG ya Ujerumani, likanunua asilimia 30. Miaka miwili tu baadaye, 2022, Amethis wakatoka, na IBL ya Morisi, Proparco na DEG wakashika asilimia 40. Leo Naivas ina matawi zaidi ya 100.

Sasa angalia binamu yao. Mwanzilishi wa Tuskys, Joram Kamau, alikuwa ndugu yake Mukuha. Damu moja, kazi moja. Wakati fulani Tuskys ilikuwa kubwa kuliko Naivas, na hapa Eldoret wengi wetu tulinunua vitabu vya shule kwao. Lakini warithi waligombana miaka na miaka, huyu anamshtaki yule, na mwaka 2020 madeni ya wasambazaji yalipofika shingoni ndipo wakaanza kutafuta mwekezaji. Rafu zikabaki tupu. Wafanyakazi, wakiwemo vijana wa hapa hapa, wakaenda nyumbani bila mishahara yao.

Watu watakwambia tofauti ilikuwa teknolojia au mtaji. Kwa maoni yangu, tofauti ilikuwa ni nani anayeweza kuweka makaratasi mezani yasiyobishaniwa na nduguye.

Na hili ndilo linaloeleza mji wetu. Mmewahi kujiuliza kwa nini pesa za Eldoret zinakimbilia majumba? Mwanariadha wetu akishinda mbio ng'ambo, akirudi anajenga plaza. Mwalimu akichukua mkopo, ananunua ploti Kapsoya. Jamaa aliye Qatar anatuma pesa za nyumba ya kupangisha. Si kwamba wote wanapenda simiti. Nyumba ina hati. Unaiona, unaigusa, na ukitaka kuuza unajua unauza nini. Duka lililo kando ya hiyo plaza huenda linazalisha zaidi, lakini ukimwambia mwanariadha, "Weka milioni mbili hapa, uwe mshirika," atauliza duka lina thamani gani, na hakuna wa kumjibu. Hati ya duka ni daftari, na daftari halipo, ama lipo kichwani mwa mzee.

Sisi hasa tusingepaswa kuwa hivi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: mwandishi awepo, mashahidi wawepo, liwe dogo au kubwa tusichoke kuliandika. Tunaisoma kwa tajwidi, halafu tunarudi dukani kumwandikia mtu deni nyuma ya boksi la sigara.

Basi turudi kwa huyu kijana. Nilimwambia asahau apu kwa miezi sita. Alinuna, lakini nina sababu.

Miaka michache nyuma zilimwagika pesa nyingi sana kwa kampuni za kuagizia bidhaa za dukani kwa simu. Wasoko ilipata dola milioni 125 Machi 2022. Copia, iliyokuwa ikiuzia watu wa vijijini kupitia mawakala, ilipata dola milioni 50 mwaka huo huo. Kufikia Mei 2024 Copia ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizofilisika, na mwaka huo Wasoko ikaungana na MaxAB ya Misri ili isonge mbele. (Wataalamu watanikosoa kwamba huo ni mtaji wa kampuni changa, si ule wa mifuko niliyoeleza juu. Sawa. Ila mwenye duka anayeachwa katikati haoni tofauti.) Namjua mama mwenye duka mtaani kwetu aliyejiunga na apu moja, siitaji. Waliletea mzigo mpaka mlangoni, bei nafuu, akaacha kwenda kwa muuzaji wake wa jumla wa siku zote. Siku moja lori halikuja. Simu hazishikwi. Akarudi kwa yule wa jumla, na yule naye alikuwa ameshampa mwingine nafasi yake ya kukopeshwa. Rekodi zote za alichonunua, lini na kwa bei gani, zilibaki ndani ya apu iliyozimwa. Yeye mwenyewe hakuwa na hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo kuwa wa kidijitali, kwa duka la Oloo Street, kunaanza na mambo yasiyopendeza kupiga picha. Pesa za duka zisiingie kwenye laini ya mzee binafsi, ziingie kwenye namba ya tili. Mzee akitaka karo ya mtoto, achukue, lakini iandikwe kwamba amechukua. Hesabu stoki yote siku moja, kisha uhesabu tena baada ya mwezi. Andika nani anadaiwa. Excel inatosha, daftari la mistari la shilingi hamsini pia linatosha. Na msijidanganye kwamba mtakwepa: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi ya biashara. KRA wanataka kulijua duka lenu. Afadhali nyinyi mlijue kwanza.

Fanya hivyo mwaka mmoja na mlango utafunguka, ingawa si lazima uwe ule ulioota. Nisikufiche: mifuko mikubwa kwa kawaida inahesabu kwa mamilioni ya dola. Haitakuja kununua sehemu ya duka moja. Lakini yule mwanariadha anaweza. Jamaa wa Qatar anaweza. Shangazi mwenye akiba anaweza. Mzee wa dini yeyote atakueleza kwamba mudaraba na musharaka ni za zamani kuliko benki: mmoja mtaji, mwingine kazi, faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana, hasara nayo inajulikana inamwangukia nani. Ndiyo maana naona mtaji wa hisa kimsingi uko karibu na sisi kuliko mkopo wa riba. Cha kushangaza ni kwamba tunakimbilia mikopo ya simu na kuuogopa ushirika.

Ila soma mkataba. Si kila kinachoitwa hisa ni hisa. Ukiona mwekezaji anaahidiwa asilimia fulani kila mwaka, duka lipate lisipate, au familia inalazimika kununua hisa zake kwa bei iliyopangwa hata mambo yakiharibika, hilo ni deni lililovaa kanzu. Mpelekee mwanasheria na umpelekee shekhe, wote wawili. Mimi si mufti.

Na uliza watatokaje. Java House ilianza Nairobi 1999. Mfuko wa ECP ukaingia 2012, ukauza kwa Abraaj ya Dubai 2017. Mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaanguka, na 2019 Java ikapita mikononi mwa Actis. Wanaopika kahawa hawakuulizwa lolote katika safari yote hiyo. Mshirika mwenye saa mkononi si mtu mbaya, lakini ujue saa yake inasema ngapi kabla hujampa kiti mezani.

Kuna jambo moja wanaume tunalipita haraka. Duka likiwa halina hesabu, mzee akifariki, dada zetu ndio wa kwanza kupoteza. Sharia imewapa fungu, imetaja kwa sehemu kabisa. Lakini fungu la kitu gani? Kaka mkubwa ndiye mwenye funguo, anasema duka lina madeni tu, na hakuna karatasi ya kumbishia. Miaka inapita, analetewa gunia la sukari kila Ramadhani na anaambiwa ashukuru. Nimeona familia zaidi ya moja. Wakati mwingine dada mwenyewe ndiye aliyekaa kaunta miaka kumi na anajua kila mteja kwa jina. Duka likisajiliwa kuwa kampuni yenye hisa, na sheria ya makampuni ya 2015 inaruhusu hata mtu mmoja kusajili, kinachorithiwa ni hisa. Zinahesabika, na duka linaendelea kufunguliwa asubuhi huku warithi wakipata haki zao.

Nilimwambia kijana aongee na mzee kuhusu hili pia. Akasema ni vigumu, mzee ataona kama anamtakia kifo. Namuelewa. Nikamshauri aanze na sukari.

Ijumaa baada ya swala walifunga duka saa mbili nzima, yeye, mzee na dada yake, wakahesabu magunia. Mzee alisema yako arobaini. Walipata thelathini na tatu. Mzee alinyamaza kidogo, akamwambia binti alete kalamu, wahesabu na unga.