Kitabu Kisicho na Maneno

Wapo walimu wasemao kwamba kitabu kisicho na maneno si kitabu. Mtoto, wadai wao, hupelekwa shuleni ajifunze herufi. Kumpa kurasa za picha tupu ni kumchelewesha. Dai hilo lina uzito, kwani hakuna aliyepata kujua kusoma kwa kutazama picha peke yake. Lakini lina kasoro pia, kwa kuwa linachukulia kwamba kusoma huanzia kwenye herufi.

Na uchukuliwe mfano mmoja. Mwaka 2009 mchoraji wa Marekani, Jerry Pinkney, alitoa kitabu kiitwacho The Lion & the Mouse, akisimulia upya ngano ya Simba na Panya inayohusishwa na Esopo wa Ugiriki ya kale. Mwaka 2010 kitabu hicho kilipata Nishani ya Caldecott, itolewayo kila mwaka nchini humo kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha cha watoto. Pinkney, aliyefariki mwaka 2021, aliiweka ngano hiyo katika nyika za Serengeti, pamoja na twiga, pundamilia na tembo. Ndani hamna masimulizi. Kilichoandikwa ni milio tu, kama ule wa bundi na ngurumo ya simba. Hata jalada la mbele halina jina, bali uso wa simba umelijaa lote.

La kuangaliwa zaidi ni lile lililoachwa. Katika ngano isimuliwavyo kwa mdomo, panya hujitetea na kuahidi kwamba iko siku atalipa fadhila. Ahadi haichoreki. Mtoto humwona simba amemshika panya, kisha humwona amemwachilia, na sababu haikuandikwa popote. Baadaye simba hunaswa katika wavu uliotegwa na watu. Panya husikia ngurumo, naye huja kuzitafuna kamba. Kwa nini amekuja? Mtoto hana budi kuliunda jibu mwenyewe, kutokana na jicho la simba na mkao wa panya. Kazi hiyo ya kukisia kilichomo kati ya picha mbili ndiyo ile ile aifanyayo msomaji mkomavu kati ya sentensi mbili.

Wataalamu wa lugha wameitumia kazi hiyo kama kipimo. Ruth Berman na Dan Slobin walichapisha mwaka 1994 utafiti uliotumia kitabu cha Mercer Mayer cha mwaka 1969, chenye picha 24 zisizo na maneno, kuhusu mvulana amtafutaye chura wake aliyepotea. Watoto wa miaka 3, 4, 5 na 9, pamoja na watu wazima, walikisimulia katika lugha 5: Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki. Wale wadogo kabisa mara nyingi waliitaja kila picha peke yake, hapa mbwa, pale mti. Wakubwa waliushika uzi wa kutafuta na kuunganisha kwao matukio yote. Mwalimu anayemsikiliza mtoto akisimulia kitabu cha namna hiyo hupata kujua jambo ambalo zoezi la kutamka silabi haliwezi kumwonyesha.

Hata hivyo, haifai kushangilia kupita kiasi. Husemwa kwa wepesi mno kwamba picha ni lugha ya watu wote. Mwaka 1960 William Hudson alitoa matokeo ya majaribio yake ya Afrika Kusini, yaliyotumia michoro ya mwindaji, swala, na tembo mdogo aliye mbali. Wengine wakafanya haraka kutangaza kwamba Waafrika hawaoni umbali katika picha. Wakosoaji walikuja kuonyesha kwamba michoro yenyewe ilikuwa na dalili haba za umbali. Mtoto anaposhindwa kuielewa picha, yafaa picha ichunguzwe kabla ya mtoto.

Wala si kila ngano inayokubali kunyamazishwa. Edward Steere alichapisha mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, kisa cha punda wa dobi, ambacho ndani yake mna habari ya kima na papa. Papa ambeba kima baharini, kisha amweleza kwamba moyo wake watakiwa uwe dawa ya sultani. Kima aokoka kwa kusema kwamba kima huiacha mioyo yao mitini. Kisa chote chategemea uongo huo mmoja. Wanafunzi wa sekondari wakijaribu kukichora kwa picha 12, bahari, mkuyu na papa havitawasumbua. Pale penye uongo ndipo watakapokwama. Wakichora mioyo ikining'inia matawini, mtoto wa darasa la kwanza huenda akaamini kwamba kweli imo humo, akamwona papa kuwa mjinga kwa kutoingoja.