Mfenesi wa Nyuma ya Jiko

Wasomaji waliotuuliza juu ya ada za madrasa tunawaomba subira. Wiki hii tunalo jambo la nyumba, nasi tunalieleza kwa sababu sehemu ya kosa ni yetu.

Ndugu mmoja anayefanya kazi Morogoro mjini alitaka kuihamishia familia yake huku Mkuyuni. Mwenye kuifahamu njia itokayo Bigwa, ikapita Kiroka kuelekea Matombo, hatamshangaa. Mjini viwanja vipya vimefyekwa hata hakuna kivuli cha kumlaza mtoto, ilhali kwetu ipo mitaa ya zamani ambayo nyumba zake huzioni mpaka uukaribie mlango, kwa wingi wa minazi, miembe na mifenesi. Jina lenyewe la mahali ni la mti. Akaipata nyumba aliyoitamani: kuta za tofali za kuchoma, bati lililoshika kutu, mifenesi minne, miembe miwili na minazi kadhaa. Muuzaji alikuwa kijana wa hapo hapo. Walipoafikiana bei, walikuja ofisini kwetu, chumba cha pembeni mwa msikiti, tuwaandikie karatasi. Tukawaandikia. Tukataja bei, mipaka na mashahidi wawili, tukapiga muhuri wa kamati. Mnunuzi akatoa arubuni mbele yetu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alitujia dada mkubwa wa muuzaji. Hakupaza sauti. Alisimama nje ya mlango, akauliza: "Ustadhi, ule mfenesi wa nyuma ya jiko mmemwandikia nani?"

Hatukuwa na jibu. Mfenesi ule aliupanda marehemu mama yao, na nyumba ilikuwa ya mama. Alifariki miaka sita iliyopita, hakuacha mume wala wazazi, aliacha watoto wanne: wa kiume wawili na wa kike wawili. Mirathi haijagawanywa hadi leo. Kwa hesabu ya faraidhi, mali ile ina mafungu sita, na kijana aliyeuza ana mawili. Manne ni ya ndugu zake, naye aliyauza yote kwa kalamu yetu. Chuoni tulisoma mlango wa biashara kitabu baada ya kitabu, tukajua kuwa mtu hauzi asichokimiliki. Tuliujua kwa ajili ya mtihani. Siku ile hatukumwuliza kijana swali moja tu: je, mko wangapi?

Tena Uluguru lina jambo lake. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi ni ya ukoo, ambayo mjomba ana kauli juu yake. Miti nayo ni ushahidi. Mgeni aliyeazimwa shamba aliruhusiwa kupanda mahindi au mpunga, bali mti wa kudumu alikatazwa, kwa kuwa apandaye mti kesho atadai mahali uliposimama. Basi mnunuzi anayeona kivuli kizuri, wenyeji wanasoma hapo hati. Kabla ya kugawa mafungu sita, ni lazima kwanza ijulikane kipi kilikuwa milki ya mama na kipi ni cha ukoo, kwa maana faraidhi hugawa mali ya marehemu peke yake. Hapo wajomba wana haki ya kuitwa.

Wengi wametuuliza hukumu ya miti yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ardhi ikiuzwa bila kutaja miti, miti huifuata ardhi. Matunda ni habari nyingine: Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba mtende ukiuzwa baada ya kuchavushwa, matunda ya msimu ule ni ya muuzaji, ila mnunuzi ayashurutishe. Karatasi yetu haikusema neno juu ya matunda, na mafenesi yalikuwa yamekwisha kunenepa. Kuhusu shufaa, ndugu mmoja akiuza fungu lake kabla ya mgawanyo, washirika wenzake wana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Haki hiyo kwetu ni ya mshirika. Wahanafi humpa na jirani.

Arubuni ndiyo iliyotukosesha usingizi. Wanazuoni walio wengi hawakubali muuzaji aile arubuni biashara ikivunjika, ingawa Imamu Ahmad aliiruhusu. Hapa muuzaji hakuwa hata na haki ya kuuza, hivyo fedha ni ya mnunuzi bila shaka. Lakini kijana alikuwa ameshalipia karo ya mwanawe na deni la dukani. Mnunuzi naye alikuwa amekwisha kuaga chumba alichopanga mjini.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka mauziano ya ardhi ya kijiji yaidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji haitoshi, na muhuri wa msikiti ndio kabisa. Na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto aliyebaki nyumbani.

Tuliwaita wote wanne na mjomba wao, tukakaa nao tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Tulianza kwa kuwaomba radhi, na karatasi tukaichana mbele yao. Dada mkubwa alikubali nyumba iuzwe, kwa kuwa hakuna anayeweza kuitengeneza paa. Mdogo wake wa kike hajakubali, naye ana haki ya kutokubali. Wamekwenda Mahakama ya Mwanzo kumweka msimamizi. Kijana anarudisha arubuni kidogo kidogo, na mnunuzi, Mungu amjaze kheri, amempa muda hadi baada ya masika.

Mafenesi hayakungoja mahakama. Yalipoiva yaliangushwa na kuuzwa barabarani, na fedha tumeiandika katika daftari la kamati kwa jina la warithi wote. Moja dada mkubwa alilipeleka mwenyewe kwa mke wa mnunuzi.