Maarifa ya Nyumbani: Akiki Katika Kokoto

Mwezi huu twataka kusema habari za kitu ambacho watu hukikanyaga kila siku wasikiangalie, yaani kokoto. Labda mtu atauliza, Kokoto nazo zina habari gani? Basi na asome mpaka mwisho, ndipo ahukumu.

Huko Marekani, upande wa kaskazini, iko nchi iitwayo Minnesota, kando ya ziwa kubwa liitwalo Superior. Watu wa huko hununua kokoto kwa magari, wakazimwaga njiani, mbele ya nyumba, na kuzunguka maua yao, ili mahali pawe safi wala magugu yasiote. Kati ya mawe mengi yasiyo na sifa yoyote, huonekana mara moja moja jiwe jekundu lenye mistari myembamba, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Jiwe hilo ndilo akiki. Mwaka 1969 serikali ya Minnesota iliifanya akiki ya Ziwa Superior kuwa kito cha nchi yao.

Jina hilo si geni kwetu. Tumelisoma katika habari za mawe ya kifuani pa Haruni. Tena watu wa pwani waliijua akiki tangu zamani, maana shanga za akiki nyekundu zilifanywa Khambhat, katika nchi ya Gujarati huko Bara Hindi, zikaletwa kwa vyombo vya pepo za kaskazi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamezikuta katika magofu ya miji ya pwani yetu.

Sasa, akiki iliingiaje katika kokoto? Yapata miaka milioni 1,100 iliyopita nchi ile ilipasuka, na mawe yaliyoyeyuka kwa moto yakabubujika kutoka chini. Yalipopoa yakawa mwamba mweusi, na mapovu ya hewa yakaacha matundu ndani yake, kama matundu ya mkate. Kisha maji yenye madini iitwayo silika yakapenya matunduni, yakaacha tabaka juu ya tabaka hata tundu likajaa. Wekundu wake watokana na chuma, kama kutu ya jembe lililoachwa nje wakati wa masika.

Baada ya zamani nyingi, barafu nene kama milima ikashuka kutoka kaskazini, ikausaga mwamba ule. Akiki haikusagika upesi, kwa kuwa ni ngumu kuliko mwamba uliyoizaa. Barafu ikaichukua pamoja na mchanga na changarawe, ikaitawanya kusini mpaka Wisconsin na Iowa. Barafu ya mwisho iliondoka katika bonde la ziwa lile miaka ipatayo 10,000 iliyopita, ikaacha marundo makubwa. Na marundo hayo ndiyo machimbo ya kokoto ya siku hizi. Basi mtu anunuapo gari la kokoto kwa ajili ya bustani yake, amenunua pia kazi ya moto na barafu, asijue.

Watu wengi wa huko, wazee kwa watoto, hupenda kuyatafuta mawe haya. Tumeziandika hapa dalili wanazozifuata, maana zafaa kwa kila mtafuta mawe.

Kwanza ni nuru. Akiki hupitisha nuru kidogo. Ukiinua kipande chembamba mbele ya jua, ukingo wake hung'aa kama asali. Kwa hiyo wazoefu huenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, nao hutembea wakilielekea.

Pili ni mistari. Lakini haionekani sikuzote kwa nje; yafaa kutazama mahali jiwe lilipomeguka.

Tatu ni ngozi yake. Huenda ikawa na vishimo vidogo vidogo, ambavyo ni alama za tundu lililoizaa. Na palipovunjika hulainika na kung'aa kama nta.

Nne ni ugumu. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi, bali yenyewe hukwaruza kioo.

Tano ni maji. Jiwe kavu lenye vumbi huficha uzuri wake, na lililolowa huudhihirisha. Kwa hiyo saa njema ya kutafuta ni baada ya mvua.

Zaidi ya dalili hizi tano yatakiwa subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye mtafuta akiki huinama kutwa nzima. Mawe mengi apatayo si makubwa kuliko punje ya mahindi au karanga. Yamepatikana machache yaliyozidi ratili 20, lakini hayo ni ya nadra sana. Tena si kila jiwe jekundu ni akiki. Yaspi nayo ni nyekundu na ngumu, na huonekana katika rundo lile lile, ila haipitishi nuru. Mwenye kuijua yaspi hatailaumu kwa kuwa si akiki, ataiweka mahali pake.

Hapa yatupasa kusema neno la haki. Kokoto zilizomwagwa mbele ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, hata kama yeye mwenyewe hajui kilichomo. Mtu asiseme, Ni jiwe tu. Kama ni jiwe tu, kwa nini walitia mfukoni? Watafutaji waungwana hubisha hodi na kuomba ruhusa, na mara nyingi hupewa kwa furaha. Vivyo hivyo kwenye machimbo: ni lazima kumwomba mwenyewe, maana pana mitambo, na kingo za changarawe huporomoka ghafula zikafukia watu. Na katika hifadhi za serikali ya Minnesota ni marufuku kuchukua mawe. Uko mji mdogo wa huko uitwao Moose Lake, ambao kwa miaka mingi umefanya sikukuu ya akiki mwezi wa Julai: kokoto zilizochanganywa na akiki na sarafu humwagwa katika njia kuu, na watu wote hukimbilia kuokota. Hapo kila aokotaye huokota kwa ruhusa.

Ni vema pia kujihadhari na hila ya rangi. Akiki ina vitundu visivyoonekana kwa macho, nayo hunywa rangi. Tangu karne ya 19 mafundi wa Idar-Oberstein, katika Ujerumani, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Hulichovya jiwe katika maji ya sukari kwa siku nyingi, kisha katika asidi kali, na sukari iliyo ndani hugeuka makaa, jiwe likawa jeusi. Ukiona dukani kipande cha akiki cha buluu kali au cha waridi kama kitambaa cha sikukuu, fahamu kwamba yaelekea kimetiwa rangi. Kukinunua si kosa, ila muuzaji akisema ndivyo kilivyozaliwa amekudanganya.

Sasa twafika kwenye neno lililo kubwa kuliko yote, nasi twawasihi wasomaji walishike. Silika ile ifanyayo akiki kuwa ngumu na nzuri, ikisagwa kuwa vumbi laini huwa adui. Mtu aivutapo kila siku, huingia ndani ya mapafu isitoke, ikayafanya makovu, naye hukosa pumzi kidogo kidogo. Ugonjwa huo waitwa silikosi, na makovu yake hayaponi. Tena kifua kilichojeruhiwa hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Mafundi wa zamani wa Idar-Oberstein, waliolala kifudifudi mbele ya mawe makubwa ya kunolea, waliugua vifua. Nao wachongaji wa shanga wa Khambhat wamepatwa na silikosi hata katika nyakati zetu. Kwa hiyo akataye au asuguaye akiki na alilowanishe jiwe kwa maji daima, wala asifanye kazi hiyo ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Je, jambo hili ni la Minnesota na Khambhat tu? Sivyo. Kando ya barabara zetu wako akina mama na vijana wanaoponda mawe kwa nyundo, wapate kokoto za kuuza kwa wajenzi. Mawe mengi magumu wanayoyaponda yana silika ile ile. Mara nyingi mtoto mchanga yu mgongoni au amelazwa kando ya rundo, vumbi likimwangukia. Twajua kwamba kazi hiyo ndiyo chakula chao, wala hatusemi waiache leo. Lakini na wayamwagie mawe maji kabla ya kuyapiga. Na waketi upande utokako upepo, ili vumbi lichukuliwe mbali nao. Na watoto wawekwe mbali. Kitambaa puani husaidia kidogo tu, maji hufaa zaidi. Na mwenye kikohozi kisichokoma aende hospitali, amweleze mganga kazi anayoifanya, maana asipoambiwa huenda asikumbuke kuuliza.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Kama shuleni pako rundo la kokoto za ujenzi, ombeni ruhusa ya mwenyewe, mpeni kila mtoto mawe kumi na bakuli la maji. Na ayaoshe, ayapange kwa rangi, aone lipi hupitisha nuru na lipi hukwaruza chupa. Huenda asipate akiki hata moja. Lakini atakuwa amejifunza kutazama, na jioni atakaporudi nyumbani ataweza kumwambia mama yake kwa nini mawe yapondwe yakiwa yamelowa.