Shalom ya midomoni

Akina mama wa maombi! Mnasalimiana "Shalom", kisha kwenye grupu la WhatsApp mnapitisha ujumbe kwamba Wayahudi wote wamelaaniwa kwa kumuua Yesu. Kwani Mariamu mama yake alikuwa kabila gani? Misumari iligongwa na askari wa Kirumi.

Chuki hii tunaijua. Tarehe 28 Novemba 2002, pale Kikambala, hoteli ya Waisraeli ililipuliwa. Wakafa watoto wawili Waisraeli, ndugu wa tumbo moja, pamoja na wachezaji ngoma wetu waliokuwa wakiwapokea wageni.

Ombeni, ila msiishie magotini. Esta alifunga siku tatu, halafu akaingia kwa mfalme akasema. Ujumbe huo ukija, jibu papo hapo, hata ukitumwa na mzee wa kanisa. Na jirani yako Mwislamu wa Mji wa Kale usimtupie lawama, yeye hakulipua mtu.